Breki Niliyoiweka Nyuma

Igoma, Mwanza
Alasiri, wewe ukiwa unasuka

Kabula mwanangu,

Marahaba. Najibu kabla hujaniamkia, maana kesho asubuhi utakuwa na haraka na mimi nitakuwa na kitu kooni. Sitaki mtaa mzima useme Mzee Masanja aliamkiwa na mwanawe akashindwa kuitika. Kwa hiyo ya kesho hiyo hapo juu, imeshaandikwa, hakuna wa kunidai.

Umetoka hapa saa nane ukasema unakwenda kusuka, unarudi sasa hivi. Namshukuru Mungu kwa nywele zako. Mwanamke anayekwenda kusuka akisema "narudi sasa hivi", mwanamume anaweza kuandika barua, akachomelea geti, akaoga, na bado akakaa kumsubiri. Nimefunga karakana mapema, nimechukua daftari la vipimo vya madirisha, nimegeuza upande wa nyuma ambao ni msafi. Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililirudia kwa sababu mwalimu alinipenda sana hakutaka niondoke. Ukikuta nimeandika r mahali pa l, isome kwa sauti yangu, itakaa sawa.

Mambo ya safari siyagusi. Mama yako ameshayamaliza tangu juzi: maji ya kunywa, upepo wa matairi, usisimame porini, piga simu ukivuka daraja la Busisi, piga tena Geita, piga tena Muleba. Amekufungia dagaa, unga wa muhogo na michembe ya viazi ya kutosha kana kwamba Bukoba hawajui kula. Mimi ninayo maneno ambayo yeye hana, maneno ya mtu aliyekosea. Mama yako hajakosea sana maishani. Alikosea mara moja tu, siku aliyonikubali, na kosa hilo halina marekebisho.

Kabla sijaanza, ujue mambo mawili. La kwanza, nyuma ya mlango wa chumbani kuna begi langu, limefungwa, lina shati na mswaki. Nilikuwa nimekusudia kesho, gari likishawaka, niingie mlango wa pili kama mtu aliyealikwa. La pili, mfukoni mwa suruali hii nina kitu chako ambacho nimekuwa nikikuficha tangu gari lifike. Nitakitaja nikishamaliza kujisema. Nikikitaja sasa utaacha kusoma uanze kupiga kelele.

Unaikumbuka baiskeli yako ya kwanza? Ile ya magurudumu matatu, ya kuzungusha kwa mikono, niliyokutengenezea ulipofika miaka minane? Homa ilikuwa imekwisha kuchukua miguu yako tangu hujajua kusema vizuri, na miaka yote hiyo mama yako alikuwa anakubeba mgongoni mpaka shuleni. Siku moja akaniambia, "Baba Kabula, wewe unawatengenezea watu mageti ya kuzuia wezi ambao hawana hata kitu cha kuibiwa. Mwanao umemtengenezea nini?" Basi nikaingia karakana. Nilitumia bomba la maji, fremu mbili za baiskeli za kichina na kiti cha trekta. Ilikuwa nzito kama ng'ombe aliyekataa kuamka, lakini ilitembea. Watu walikuja kuitazama kutoka barabara ya Musoma. Nilivimba kichwa mpaka kofia ikakataa.

Wewe uliizunguka kwa macho, hukusema asante. Ukauliza, "Baba, breki yangu iko wapi?"

Nikakuonyesha. Ilikuwa nyuma, kwenye mshikio wa mtu anayesukuma.

"Hiyo ni breki yako," ukasema. "Yangu iko wapi?"

Nikacheka, nikawaambia watu sikieni maneno ya mtoto huyu. Nikakuambia mtoto hahitaji breki wakati baba yake yuko nyuma.

Sasa baba yako, kama unavyomjua, ana ugonjwa wa kusimama njiani. Wiki ya pili tulikuwa tunateremka kwenda shule, nikakutana na Ngasa, yule fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara. Akanitania kuhusu geti langu fulani lililokuwa limepinda. Mtu hawezi kutaniwa kuhusu geti akakaa kimya. Nikainua mikono yote miwili kumwonyesha jinsi ukuta wa mteja ndio uliopinda. Mikono yote miwili, Kabula. Nilipogeuka ulikuwa umeshafika mbali, unateremka peke yako, unazungusha mikono kurudi nyuma bila faida, na mimi nakimbia nikipiga kelele "Simama! Simama!" kama mjinga. Ungesimama kwa breki gani?

Uligeuza usukani mwenyewe ukaingia kwenye lundo la pumba za mpunga pale mashineni. Nilipofika ulikuwa mweupe kuanzia kichwani, macho tu ndiyo yanaonekana. Nikadhani unalia. Ulikuwa unatema pumba. Ulipomaliza kutema ukaniuliza lile lile swali, kwa sauti ile ile.

Niliahidi kuihamisha breki kesho yake. Kesho hiyo ilichukua mwaka na zaidi. Kila siku kulikuwa na geti la mtu. Mpaka siku moja ukarudi kutoka shuleni unaendesha mbio, ukafika mlangoni ukavuta kitu kwa mkono wa kulia, baiskeli ikasimama tuli mbele ya miguu yangu. Ulikuwa umekwenda kwa Ngasa! Mtoto wa Masanja fundi, umekwenda kuhamishiwa breki kwa Ngasa, na mtaa mzima umeona. Sikulala vizuri mwezi mzima. Nilidhani kinachonikera ni kwamba kuchomelea kwake kulikuwa kubaya. Kulikuwa kubaya kweli, lakini hicho sicho kilichonikera. Imenichukua miaka kujua, na nimejua mwaka huu, kwa sababu ya gari.

Ulipokuja na habari ya gari nilikucheka. Nakumbuka ulikuwa mezani na makaratasi yako, ukasema mtu mwenye ulemavu akiagiza gari lililorekebishwa aliendeshe mwenyewe, anaweza kuomba asamehewe kodi ya kuliingiza. Nikasema, "Serikali isamehe kodi? Bora uniambie kiboko wa Kayenze ameacha majani anakula keki." Ukanisomea karatasi yote, neno kwa neno. Ukanionyesha picha ya lile gari dogo, gia otomatiki, na kando ya usukani mkono wa chuma wa kushika breki na mafuta kwa mkono. Ulikuwa umelisubiri tangu chuo. Na safari hii halikuwa gari la kutembelea. Hospitali ya Bukoba walikuwa wamekukubali kwa kazi ya maabara, ya kuzunguka vituo vya afya vya vijijini kukagua maabara zao ndogo. Walipokuuliza utafikaje huko vituoni, uliwajibu, "Kwa gari langu." Gari halikuwepo. Lakini ulijibu hivyo, na barua ya kazi ikaja, na ikasema uripoti mwanzo wa mwezi.

Gari ukaliagiza, lakini bila ule msamaha lingebaki bandarini na wewe ungebaki Igoma ukinipangia vijiti vya kuchomelea. Hilo nililijua vizuri. Ndiyo maana nikasema, "Niachie mimi. Mimi ndiye baba, nitafuatilia."

Wakala wa forodha akaniuliza, "Mzee, hati ziandikwe jina gani?" Nikamjibu bila kufikiri hata dakika moja. "Langu."

Naapa sikuwa na nia ya kukuibia. Sisi Wasukuma wa zamani tuna namna yetu. Mtoto akipewa ndama na mjomba wake, ndama analala kwenye zizi la baba. Kila mtu anajua ni wa mtoto, mtoto mwenyewe anamjua kwa jina. Lakini mgeni akiuliza "Huyu ng'ombe wa nani?", anajibiwa jina la mwenye zizi. Binti ndiyo kabisa, ataolewa, nani anataka kuhesabu upya ng'ombe? Basi nikaona gari ni ndama. Jina langu, gari lako, tatizo liko wapi?

Tatizo lilikuwa kwamba fomu ya daktari ilikuwa na jina lako, leseni ina jina lako, na hati ya gari ina jina la mzee mmoja mwenye miguu miwili mizima. Mimi nilidhani maofisini watu husoma mhuri tu. Kumbe kuna wanaosoma na maneno. Wakapiga simu: mwombaji afike mwenyewe, aonekane.

Hapa ndipo nilipotumia akili zangu zote, na ulijue hilo, kwamba mambo haya niliyafanya kwa akili zangu zote. Nikawaza: mwombaji ni mimi, maana jina ni langu. Wanataka kuona ulemavu. Basi tatizo ni dogo, nikatafute ulemavu. Nikaenda kwa Mzee Ndaki, yule jirani aliyevunjika nyonga, nikamwazima gongo lake la kutembelea nikamwambia nataka kupima urefu nimchongee jingine. Nikapanda bajaji mpaka mjini Nyamagana, na nilipofika mlangoni kwa watu wa kodi nikaanza kuchechemea.

Sehemu hii nilikusimulia kwa kifupi. Leo nakupa yote.

Ofisa alikuwa dada mmoja mpole, miwani, sauti ya chini. Akasimama kunipokea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Pole na kazi."

"Pole wewe, baba. Kaa. Mguu umekusumbua tangu lini?"

"Tangu utoto," nikasema, na nikaukunja uso kidogo, kama mama yako anapoonja mchuzi wangu.

Akaangalia karatasi muda mrefu. Akauliza, "Na gari utaliendesha mwenyewe?"

"Mwenyewe kabisa."

"Vizuri. Sasa baba, huu mkono wa chuma wa kuendeshea. Ukitaka breki, unausukuma au unauvuta?"

Kabula, mimi nimechomelea chuma miaka yangu yote. Nilikuwa nimeiona ile picha mezani mara ngapi? Ulinieleza mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa natazama rangi ya gari. Nikajibu kwa sauti kubwa ya fundi: "Unauvuta!"

Akavua miwani. "Baba, kwa jibu hilo umeshaingia ziwani. Hapo umevuta mafuta."

Nikatazama gongo. Yeye akaendelea polepole, kama muuguzi.

"Kabula ni nani?"

"Binti yangu."

"Ndiye mwenye hii fomu ya daktari?"

"Ndiye."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Sikutaka asumbuke na ngazi zenu."

"Upande wa pili kuna mlango wa mteremko, baba. Wanaingia kila siku. Ungemuuliza, labda anaujua." Akaufunga ule mfuko wa karatasi. "Naomba unisikilize. Msamaha huu haulifuati gari. Unamfuata mtu. Ukiandika jina lako, mtu hayupo, na mimi sina wa kumpa. Na ukisema uongo mbele yangu mara ya pili, nitalazimika kuuandika, na huo uongo utakaa kwenye faili la binti yako, si kwenye lako. Nenda ukamlete mwenye gari."

Nikashukuru, nikasimama, nikatoka haraka sana. Nilikuwa nimefika kwenye geti la nje nilipomsikia anakuja nyuma yangu, anahema, na walinzi wote wanageuka.

"Baba! Baba! Umesahau mguu wako!"

Ameshika gongo la Mzee Ndaki.

Mama yako nilipomsimulia alikaa chini kabisa, sakafuni, akacheka mpaka akashika mbavu. "Lete gongo nilione! Mlemavu wa asubuhi moja!" Nami nikacheka, nikidhani jambo limekwisha, maana hapa kwetu jambo likichekwa huwa limekwisha. Kisha nikakuona wewe. Ulikuwa kwenye kiti chako cha magurudumu mlangoni, na hukuwa unacheka.

Ulisema, "Watu wananitazama miguu miaka yote, baba. Mlangoni, kanisani, kwenye usaili. Hiyo siku moja ambayo miguu hii ingenifaa, umeniacha nyumbani ukaenda kuigiza."

Mama yako akaacha kucheka. Mimi nikatafuta neno la kutania, nikalikosa. Ni mara ya kwanza maishani.

Siku tatu uliniita "Mzee." Si "baba." "Mzee, chakula tayari." "Mzee, pisha nipite." Ukweli ni kwamba ningependa zaidi unitukane. Usiku wa tatu mama yako, ambaye ana tabia ya kungoja mpaka mtu alale chali ndipo amchome, akaniambia, "Masanja, mtoto huyu hukumzaa awe mkokoteni wako." Halafu akageukia ukutani akalala fofofo. Mimi nikabaki na baiskeli. Niliiona ile breki, nyuma, kwenye mshikio wangu, kama vile nimeichomelea jana. Nikajua kwa nini Ngasa alinikera: alikupa mkononi kile nilichotaka kibaki mkononi mwangu.

Siku ya nne uliniambia, "Twende." Neno moja tu. Ulikuwa umeshampigia wakala mwenyewe, umeshaandika barua ya kubadili jina, umeshaomba daktari athibitishe upya. Mimi nilikuwa mzigo wa kubeba mfuko wa karatasi. Uliingia kwa mlango wa mteremko, na ulikuwa unaujua kweli, ulishaupita ulipofuata namba yako ya mlipakodi. Hukuwahi kuniambia kwa sababu sikuwahi kukuuliza. Nikakaa kwenye benchi, mlango ukaachwa wazi, nikasikia yote.

Dada yule akakuuliza swali langu. "Ukitaka breki, unasukuma au unavuta?"

"Nasukuma," ukasema. "Kuvuta ni mafuta. Imewekwa hivyo makusudi. Gari likigonga kitu mbele, mwili unakwenda mbele, na mkono unakwenda nao, kwa hiyo unajikuta umeshika breki hata kama umeshtuka. Ingekuwa kuvuta, mtu akishtuka angejiua."

Kisha nikamsikia anasema, "Na wewe umejifunza wapi kueleza hivi?"

"Kwa baba yangu. Ni fundi."

Mwongo mkubwa! Mwongo kuliko mimi na gongo la Ndaki! Nilitazama chini nikahesabu vigae vya sakafu. Kwenye benchi kulikuwa na mzee mmoja Mhindi, mfanyabiashara wa zamani wa mjini, ameshika risiti zake. Akaniuliza, "Mzee, vipi, kodi imekuwa kubwa?" Nikamwambia vumbi. Akasema, "Humu ndani hakuna vumbi, mzee." Nikamwambia lipo, ila linachagua mtu.

Majibu hayakuja siku hiyo, wala wiki hiyo. Lile jina langu lilikuwa limetupotezea muda, na mwanzo wa mwezi ulikuwa unakuja kama mvua inayoonekana ng'ambo ya ziwa. Wa Bukoba wakapiga simu kuuliza kama gari limefika. Ukawaambia liko njiani. Lilikuwa bandarini halijasogea hata kidole, na aliyelishikilia pale nilikuwa mimi. Siku zile nilichomelea madirisha ovyo, mteja mmoja akanirudishia. Kwa hiyo karatasi ilipotoka, na jina juu yake ni Kabula Masanja, mimi ndiye niliyepiga kigelegele. Mwanamume mzima. Ngasa alikisikia kutoka ng'ambo.

Niliwahi kukuambia kwamba jina hilo lina thamani sasa? Baada ya gari kufika alinijia mtu hapa karakana, mtu wa magari makubwa makubwa, simtaji. Akaniagizia soda. Akasema anataka kuingiza gari lake kwa jina lako, wewe usaini tu, atakutazama vizuri. Nilimsikiliza mpaka soda ikaisha, maana soda ilikuwa ya baridi na haina kosa. Kisha nikamwambia, "Swali moja. Ukitaka breki, unasukuma au unavuta?" Akasema, "Nini?" Nikamwambia aende. Nakueleza hili kwa sababu watakuja kwako pia, na hawatakuja na sura mbaya. Watakuja na sura yangu. Watu wanaokupenda, wenye shida ya kweli, wenye maneno ya zizi moja. Mimi sina dawa ya hilo, nimekupa swali tu. Linafaa hata kwa wanaume. Atakayekuletea senene za kukaanga kila jioni, halafu akaomba ufunguo wa gari kabla hajauliza unalala saa ngapi, huyo mrudishie senene zake.

Sasa nije kwenye siku ile uliyonipeleka Ilemela. Trafiki walikuwa wameshalikagua gari, na wewe ulikuwa umeshafanya mazoezi na mwalimu, si na mimi, na nakusamehe. Ukasema, "Panda baba, nikutembeze." Ulikuwa umerudi kuniita baba na mimi nilijifanya sikugundua. Tukapita juu kule kwenye miamba, ziwa likatokea lote chini, na wewe ukaanza kuteremka. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kile chuma. Bajaji ikatokea kwenye kona, imejaa ndizi. Mimi nikakanyaga. Nilikanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, nikajiegemeza kwenye kiti, nikafumba macho, nikasema jina la marehemu mama yangu.

Nilipofumbua, tulikuwa tumesimama pembeni, vizuri kabisa, na mwenye bajaji anapita huku anatupungia. Wewe umeinamia usukani unacheka mpaka machozi.

"Baba," ukasema, "unakanyaga nini huko? Breki iko huku kwangu."

Nilicheka na wewe. Lakini nyumbani nilitoa begi nikaanza kulifunga, kwa sababu mtu anaweza kusikia jambo kwa masikio yote mawili na bado miguu ikawa haijasikia. Mjomba wako alipokuja juzi na lile wazo lake la kukutafutia dereva wa kukusindikiza, wewe ukakataa, mimi nikajidai niko upande wako. Uongo. Nilikataa dereva kwa sababu nilitaka nafasi iwe yangu.

Haya. Kile kitu.

Uliponiuliza funguo za gari ni ngapi, nilikuambia limekuja na mmoja. Ukashangaa, ukasema magari huja na mbili, nikakuambia Wajapani nao wanapoteza vitu kama sisi. Zilikuja mbili, Kabula. Zimefungwa pamoja kwa waya mwembamba. Wakala alinipa mkononi wewe ukiwa unasaini upande wa pili, na mimi nikautoa waya kwa kucha. Wa pili umekaa kwenye kopo la vijiti vya kuchomelea tangu siku ile mpaka leo nilipoutia mfukoni. Jina nilikuwa nimekurudishia, lakini nikajiwekea ufunguo. Nilijiambia ni kwa ajili yako, ukikwama nije. Nije na nini? Wewe uko Bukoba, ufunguo uko Igoma, kati yetu kuna ziwa zima, na mimi siwezi hata kuliendesha, nitavuta nikidhani nasukuma.

Ufunguo huo hapa, umefungwa kwenye kitambaa ndani ya bahasha hii. Mafuta yake kidogo ni ya karakana, utayafuta. Usimpe mtu wa kukutunzia. Na akitokea wa kumpa, uchague mwenyewe, usiniulize mimi, kwa sababu nitasema unipe mimi.

Begi nimelifungua. Shati limerudi msumarini. Mama yako ameliona pale, ameniongezea nyama, na wewe unajua jambo hilo ni kubwa kiasi gani katika nyumba hii.

Nasikia sauti yako kule nje unabishana na mwenye bajaji, maana gari limeshapakiwa mizigo ya kesho, kuhusu jinsi ya kukunja kiti chako. Kumbe umesuka kweli, na ni saa kumi na mbili kasoro. Nafunga haraka.

Kesho nitasimama getini. Utaona mikono yangu iko mfukoni. Usidhani nimenuna. Nimeiweka huko kwa sababu naijua, ikiona kitu chako kinaondoka inataka kushika nyuma. Gari likianza kuteremka kwetu pale, ukapita mashine ya mpunga, usinitafute kwenye kioo. Mimi nitakuwepo, nitakuwa nataniana na Ngasa ili nisilie. Lakini nyuma huko hakuna breki tena, mwanangu. Niliiweka mimi, na leo nimeitoa mimi mwenyewe, si Ngasa.

Sukuma ukitaka kusimama. Vuta ukitaka kwenda. Nimejifunza.

Baba yako,
Masanja,
fundi, mwenye miguu miwili isiyo na kazi ndani ya gari lako